Taniboi Asiyepiga Magoti

Lori la Jared halikuwa na breki ya mkono. Jambo hilo liweke kichwani kwanza, maana bila hilo hutaelewa habari ya goti la Ratemo, na bila goti la Ratemo utashangaa kwa nini mimi, mama mzima mwenye hoteli yake na watoto wake, nilisimama kwenye makambi ya kanisa nikichungulia wanaume wakioshana miguu. Nilichungulia, ndiyo. Na ningechungulia tena.

Ilikuwa miaka ile ya kwanza ya uhuru. Ziwa lilikuwa limepanda likameza kipande cha ufuo wa Homa Bay, abiria wakawa wanashuka kwenye meli kwa kutembea juu ya mbao, wameshika viatu mkononi. Hoteli yangu ya mabati ilikuwa karibu na hapo. Nilipika uji wa wimbi, viazi vitamu na maharagwe. Chai sikuuza, kwa sababu kwetu Wasabato chai ya majani ni mwiko. Wavuvi wa Kijaluo walikuwa wakinitania, "Mama Ombui, hoteli bila chai ni hoteli gani hii?" Wakaenda kunywa kwa jirani, kisha wakarudi kula viazi vyangu. Harufu ya viazi vile vikipakuliwa asubuhi, ukungu ungali ziwani na meli inapiga honi, naikumbuka hadi machozi yananilenga. Siku hizi viazi havina harufu. Au ni pua yangu imezeeka, sijui.

Ratemo alikuwa taniboi, yaani utingo, wa Jared dereva. Alipakia magunia, akapakua, na safari nzima alikaa nyuma juu ya mizigo. Lakini kazi yake kubwa ilikuwa kabari. Lori likisimama mlimani, lisiposhikwa litarudi kinyumenyume, na breki ya mkono ndiyo hiyo nimekwambia haikuwepo. Basi kabla gurudumu halijatulia, Ratemo alikuwa amesharuka kutoka juu na kabari yake ya mti, puu!, na ameisukuma nyuma ya tairi. Toka Homa Bay hadi Rodi, toka Rodi hadi Rongo, Awendo, mpaka Migori, kila kituo ni kuruka. Wasichana wa sokoni walikuwa wakiacha kupima mahindi wamtazame. Alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, shati limefungwa fundo tumboni, na alijua anatazamwa, mjinga yule.

Huko Migori ndiko kulikokuwa na Nyasuguta. Baba yake, Mzee Bichage, alikuwa na duka la chumvi na vitambaa, na binti alikaa barazani na cherehani. Jared akileta chumvi, Ratemo anapakua. Gunia moja la chumvi lilikuwa likimchukua muda mrefu sana kulifikisha ndani, kwa sababu lilikuwa lazima lipite mbele ya cherehani. Mwisho akapeleka kitambaa cha shati ashonewe, na shati lile lilipimwa, likarudiwa kupimwa, na mikono bado haikutosha. Msichana fundi kama yule akosee mikono! Wacha wewe. Nilipoambiwa habari ya shati nikajua mambo yameiva.

Wakanichagua mimi niwe mshenga. Nilizaliwa kilima kimoja na kina Bichage kule Kisii, na mama yake Ratemo alikuwa jirani yangu kule nilikoolewa, kwa hiyo pande zote mbili walinijua. Lakini usidhani mshenga kwetu Wagusii ni mtu wa kubeba salamu na kula kuku. Sisi tunamwita esigani, na maneno yake yanachukuliwa kama kiapo. Watu wa msichana wanakuuliza: kijana ana tabia gani, nyumba yao ina ugonjwa gani, babu yake alikufaje, kuna kilema? Unajibu kwa jina lako. Ndoa ikivunjika hata baada ya watoto wanne, ni wewe unayeitwa ukae katikati ya watu uulizwe ulikuwa unatazama wapi.

Sasa sikiliza habari ya Mzee Bichage. Alikuwa mzee wa kanisa, na hakuna mtu Migori nzima aliyesifiwa kwa maombi kama yeye. Siku ya Sabato ukifika mapema, unamkuta amekwisha kupiga magoti kwenye benchi la mbele, kofia ameiweka chini ya magoti. Watu wanaimba, wanapiga magoti, wanaomba, amina, wanainuka. Bichage bado yuko chini. Ibada ikiisha watu wanatoka, yeye anarudi magotini na kubaki peke yake. Mhubiri alikuwa akimtolea mfano: "Mnamwona mzee wetu? Ninyi mnamkimbilia Mungu kama mtu anayewahi basi!" Nasi tulikuwa tunainamisha vichwa kwa aibu.

Ratemo naye? Lori likilala Migori Ijumaa, yeye alisali pale pale, Sabato yake haikuguswa, Jared mwenyewe alijua. Basi kanisa lote linapiga magoti, na kijana huyu anaketi kwenye benchi, ameinamisha kichwa tu. Amekaa! Kanisa ambalo hata bibi kizee wa fimbo mbili anasaidiwa mpaka afike sakafuni. Mara ya kwanza watu walidhani amesahau. Mara ya tatu minong'ono ikaanza.

Bichage akaniita dukani. Hakunikaribisha kiti.

"Kemuma," akasema, akiniita kwa jina langu la kwetu, "kijana wako hapigi magoti."

"Nimesikia, kaka."

"Kuna mambo mawili tu. Ama ana kiburi mbele za Mungu, ama ana mguu mbovu. Wa kiburi simpi binti yangu. Wa mguu mbovu pia simpi, maana mguu mbovu unaingia kwenye nyumba, unakwenda kwa wajukuu. Wewe ndiye mshenga. Ni lipi kati ya hayo?"

Nikamwambia sijui, nitauliza. Kwa mshenga kusema sijui ni kama mpishi kusema chakula kimeungua. Nyasuguta alikuwa barazani, cherehani imenyamaza kimya.

"Uliza upesi," Bichage akasema. "Kuna mwalimu wa Nyamira ameshatuma mtu. Nimemwambia asubiri makambi ya Agosti. Kwenye makambi nitamwona kijana wako kwa macho yangu, na hapo maneno yatakwisha."

Nilirudi Homa Bay nimefura kama andazi. Ratemo alipoingia hotelini nikamwambia aniokotee sufuria iliyokuwa sakafuni. Akainama kutoka kiunoni, miguu imenyooka kama nguzo. Nikasema, "Aha! Keti hapa. Nionyeshe goti."

"Goti gani, mama?"

"Hilo unaloficha. Usinichezee akili, Ratemo."

Alikunja suruali. Goti la kulia halikuwa limevimba, wala halikuwa na jeraha, isipokuwa vialama vya wembe vilivyopona. Akaweka kidole gumba chini kidogo ya pia ya goti. "Ni hapa tu, mama. Padogo hivi. Asubuhi nikiamka ni kama pamekauka, nashuka kitandani nikishika ukuta. Nikianza kazi panapata moto, naona nimepona kabisa. Nikikaa juu ya mizigo mpaka Rongo, miguu imekunjwa, kushuka ni kilio. Na kupiga goti chini, afadhali unipige rungu. Kuinuka ndiyo mbaya zaidi."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua za mwaka juzi."

Alikuwa amechanjwa na bibi mmoja akapakwa majivu ya dawa. Alikuwa amekandwa na maji ya chumvi na kupakwa dawa ya chupa inayonuka mpaka nzi wanahama. Hakumwambia mtu. Jared akijua, atachukua taniboi mwingine. Bichage akijua, basi. Kwa hiyo alichagua aonekane ana kiburi, akidhani kiburi ni nafuu. Nilitaka kumzaba kofi na kumkumbatia, nikashindwa kuchagua, nikampa uji.

Kesho yake nilimkokota kwa Walter. Huyu alikuwa dresa kwenye zahanati, Mjaluo wa pale pale Homa Bay, mtu wa vicheko, na Jumapili alikuwa akifungafunga wachezaji mpira bandeji. Akamlaza Ratemo, akanyoosha mguu, akabonyeza chini ya pia kwa kidole. Ratemo akaruka nusu atoke mezani.

"Omera, ndugu yangu, mfupa ni mzima," Walter akasema. "Kinachouma ni ukano. Pia ya goti imefungwa kwa ukano mnene unaoshuka mpaka juu ya mfupa wa muundi. Ukiruka, mguu ukifika chini, uzito wote unashikwa na ukano huo. Ukiruka mara moja si neno. Wewe unaruka kutwa. Nyuzi zake zimechoka, na kabla hazijajitengeneza unaziruka tena."

"Ni ugonjwa wa ukoo?" nikauliza haraka. Hilo ndilo lililokuwa likinikaba.

Walter akacheka. "Labda kama babu yake alikuwa taniboi."

Basi nikamshukuru Mungu. Walter akamwambia apumzike kabisa, asiguse lori mpaka goti linyamaze. Jared alinuna lakini akamwachilia, na mvua nzima ya Aprili Ratemo alikaa kwenye benchi langu akimenya viazi. Alimenya vibaya, nusu ya kiazi inakwenda na ganda. Barabara ilikuwa matope hata hivyo, malori yamekwama Rodi siku nzima, na sisi tunakaa ndani tukisikiliza mvua kwenye mabati. Wakati ule nilimjua vizuri. Aliimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya chini, na alinisimulia habari za Nyasuguta mpaka nikamwambia kama nitasikia tena jina hilo kabla ya chakula cha mchana nitammwagia maji ya viazi. Maumivu yakapungua, yakaisha. Akapanda ngazi, akashuka, hakuna kitu. Tukaona tumemaliza.

Mvua ilipokatika akarudi kwenye lori. Mteremko wa Rodi, kabari ya kwanza tu, akaruka, na alipofika chini akapiga ukelele. Jared alinirudishia Ratemo, kijana amekaa mbele kama abiria, uso umemshuka, na goti lilikuwa baya kuliko lilivyokuwa kabla.

Nilikwenda zahanati peke yangu. Kama Walter alikuwa na wagonjwa siku hiyo, wanisamehe, maana sikungoja zamu. "Wewe ulisema apumzike! Kapumzika mpaka makalio yameota mizizi kwenye benchi langu! Agosti hiyo hapo! Nitamwambia nini mzee?"

Walter hakukasirika. Alikaa, akakuna kidevu. "Mama Ombui, umewahi kuona mguu wa mtu aliyetolewa plasta?"

"Nimeuona."

"Umekonda, sivyo? Wakati amelala hauumi. Lakini nguvu imekwenda. Nafikiri nimemfanyia Ratemo hivyo hivyo bila plasta. Ukano haukuuma kwa sababu haukuulizwa kitu. Halafu siku moja tukaurudishia mruko mzima." Akatikisa kichwa. "Nimeona wachezaji wangu wawili hivi. Yule aliyekaa nyumbani alirudi na maumivu yake. Yule aliyelima shamba la baba yake polepole alipona, nikadhani ni bahati. Niletee huyo kijana. Hapaswi kulala wala kuruka. Tutampa kazi ya polepole."

Na dawa ya kwanza ilikuwa breki ya mkono. Nacheka kila nikikumbuka. Walter alimkamata Jared shati akamwambia huwezi kuponya goti la mtu ambaye kila kilima anaruka na gogo. Jared akanung'unika wiki nzima, kisha akapeleka lori kwa fundi. Miaka yote tulikuwa tumezoea goti la Ratemo liwe breki, na hakuna aliyewahi kuona ajabu.

Dawa ya pili aliifanya hotelini kwangu. Anaweka mgongo kwenye ukuta na kushuka mpaka mapaja yakae kama ya mtu aliyeketi, lakini kiti hakuna. Anabaki hapo mpaka miguu inatetemeka. Wavuvi walikufa kwa kicheko. "Mama Ombui, mpe mtoto wa watu stuli!" Mmoja alijaribu akaanguka na bakuli la maharagwe. Ratemo alisema akimaliza hivyo goti linatulia, anaweza kutembea saa nzima bila kulisikia.

Miguu ilipozoea, Walter akampeleka kwenye mteremko wa Asego, kile kilima kilicho mgongoni mwa mji. Anasimama akitazama chini, kuelekea ziwani, visigino juu, vidole chini, ili ukano uchukue mzigo sawasawa. Anashuka kwa mguu mbovu, polepole, polepole kabisa, kisha anainuka kwa msaada wa ule mzima. Anarudia. Baadaye abebe kitu mgongoni. "Ikiuma kidogo ukiwa kazini, usiogope," Walter alimwambia. "Liulize goti asubuhi inayofuata. Likiwa kama jana, endelea. Likiwa baya zaidi, umezidisha. Punguza, lakini usiache."

Kina mama waliokuwa wakishuka na kuni walisimama kumtazama kijana mrefu akiinamia ziwa jioni baada ya jioni. Wengine walisema amehama Usabato anaabudu maji. Mimi nilikuwa nikipanda kumpelekea uji na kukaa kwenye jiwe. Mji wote ulikuwa chini yetu, mabati yanang'aa, moshi wa jioni unapanda, mitumbwi inarudi, na Ratemo anashuka na kuinuka bila kusema neno. Ningepewa siku moja ya maisha yangu nirudi, ningechagua moja ya jioni zile. Hatukuwa na chochote na sikumbuki kama tulikosa kitu.

Mwezi wa saba asubuhi ziliacha kumuuma. Mimi nikaona mambo ni shwari. Halafu wiki mbili kabla ya makambi, Jared, mdomo wake mrefu, akaleta habari kuwa mtu wa mwalimu ameonekana tena dukani kwa Bichage, na safari hii alipewa soda. Jioni hiyo Ratemo alipanda Asego na gunia la chumvi begani na hakushuka mpaka giza. Asubuhi akaja kwangu akichechemea.

Sikupiga kelele. Ndiyo, mimi. Nilikaa tu chini kwenye magunia, nikalia. Alishtuka kuliko kama ningempiga.

"Nilitaka nimalize haraka, mama," akasema.

"Haraka ndiyo iliyokuvunja tangu mwanzo, mwanangu."

Walter alimrudisha ukutani, akampunguzia, hakumruhusu kuacha. Tulikwenda makambi hatujui goti litajibu nini. Sikuwahi kumwambia Bichage uongo wala ukweli. Nilimtumia neno moja kwamba kijana hana kiburi, hayo mengine aje ayaone, kama alivyosema mwenyewe.

Makambi ya siku zile! Vibanda vya matete na majani ya migomba, moshi wa vyungu hamsini, watoto wanaogeshwa hadharani, watu wametoka Magunga, Macalder, visiwani, wengine wametembea na vitanda kichwani. Sabato asubuhi, kabla ya meza ya Bwana, ni kutawadhana miguu: wanaume upande huu, wanawake upande ule, kila mtu na mwenzake. Unampigia magoti ndugu yako unamwosha miguu, kisha anakupigia wewe. Katikati kulikuwa na ukuta wa matete. Matete yana nafasi. Mimi sikuyasuka.

Mwenzangu alikuwa Nyasuguta. Alinijia mwenyewe na beseni. Nikapiga magoti nikashika mguu wake, na jicho langu likaingia kwenye matete.

Sasa, miaka yote Mzee Bichage hakuwahi kuonekana akimtawadha mtu. Yeye ndiye aliyekuwa akigawa maji na taulo, huku na huku, mzee wa kazi, na wengine wakimaliza na yeye amemaliza. Siku hiyo akamkabidhi mtu mwingine taulo. Akaenda moja kwa moja kwa Ratemo, akaketi kwenye benchi, akavua viatu, akanyoosha miguu. "Nitawadhe, kijana."

Wanaume wote wakageuka. Kila mtu alijua maana yake.

"Anafanya nini?" Nyasuguta akanong'ona.

"Nyamaza."

Ratemo aliweka beseni chini. Akasimama mbele ya mzee, akavuta pumzi. Kisha akaanza kushuka kama alivyokuwa akishuka Asego, polepole hadi mtu mmoja akakohoa kwa kuchoka kungoja. Goti moja likagusa nyasi. La pili. Uso wake ulikaza, haukuvunjika. Akaosha mguu wa kwanza, wa pili, akakausha kati ya vidole kama tunavyofundishwa. Kisha akaweka mikono kifuani, hakushika benchi, hakushika mtu, akainuka. Akasimama wima.

"Mama Ombui, maji yamepoa," Nyasuguta akasema, sauti inakatika.

"Ameinuka," nikamwambia. Akaziba uso kwa taulo.

Nami ningeacha kutazama hapo, kazi yangu imekwisha. Lakini Ratemo alikuwa amekwisha kuketi, amenyoosha miguu yake, na Mzee Bichage alikuwa amesimama na beseni mkononi akilitazama kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake. Alikuwa amefikiria kila kitu ila zamu yake.

Hakuweza kukataa. Si mbele ya kanisa. Akashika benchi kwa mkono wa kushoto, akajaribu kushuka, akaishia kujiachia kwa kishindo, maji yakamrukia kifuani. Jasho likamtoka hapo hapo. Akamwosha Ratemo miguu, haraka haraka. Kisha akaweka taulo begani na kujaribu kuinuka. Hakuinuka. Akajaribu tena, nikaona mkono wake umeshika chini ya pia ya goti, pale pale, padogo vile. Akainamisha kichwa.

"Mzee anaomba," mtu akanong'ona. Wanaume wakavua kofia.

Uwi! Hapo ndipo nilipoelewa. Miaka yote ile. Kufika kabla ya watu ili asionekane akishuka. Kubaki baada ya watu ili asionekane akiinuka. Kofia chini ya magoti. Tulikuwa tumemsifu mtu kwa maumivu yake, na kijana mwenye maumivu yale yale tukamwita mwasi.

Ratemo alielewa kabla yangu. Aliteleza kutoka benchi, akashuka tena magotini kando ya mzee, bega kwa bega, kama anayeomba naye. Maneno yao niliambiwa baadaye na Ratemo mwenyewe.

"Baba, ni hapa chini ya pia?"

Mzee akafumba macho.

"Asubuhi ndiyo mbaya kuliko saa zote?"

Mzee akajibu bila kufungua macho. "Tangu mwaka wa nzige. Nilikuwa nikibeba chumvi kwa miguu kutoka ziwani, mzigo mgongoni, vilima vyote. Nilidhani ni kitu cha ukoo wetu. Nina mabinti watano, kijana. Nani angewaoa?"

"Si cha ukoo, baba. Ni cha mizigo. Weka mkono begani kwangu. Usikurupuke. Tunainuka pamoja, polepole."

Nikaona mkono wa mzee unapanda kwenye bega la Ratemo. Vichwa viwili vikaanza kupanda, kidogo, kidogo, vikasimama kidogo, vikapanda tena. Wanaume wakasema amina, nzito, ya watu wanaoamini wameona muujiza wa upatanisho.

"Mama Ombui," Nyasuguta akanong'ona, "mbona amina? Kumetokea nini?"

Mguu wake bado ulikuwa mkononi mwangu, nami nilikuwa naukausha, naukausha, umeshakauka zamani.

Jioni Bichage alinijia penye pipa la maji. Alikuwa akitembea kwa shida na hakujaribu kuficha. "Kemuma," akasema, "yule mtu wa mwalimu nimempa nauli ya kurudi. Mwambie kijana wako alete watu wake." Akapapasa goti. "Na uniulizie habari ya huyo dresa."

Kuoana walioana, hilo unalijua, wajukuu wao nimewabeba. Lakini kwetu mkwe na baba mkwe wana heshima kubwa, hawagusani, hawakai karibu, na kumshika mkweo goti ni jambo lisilosemeka. Basi nyuma ya duka kulikuwa na mteremko unaoshuka mtoni, na katikati yake ua wa minyaa. Ratemo akija Migori, jioni husimama upande mmoja wa ua, mzee upande mwingine, wote wanatazama chini, hawatazamani. Anashuka huyu, anashuka huyu. Anainuka huyu, halafu baada ya muda anainuka na yule. Nyasuguta na mimi tulikuwa tunawatazama kutoka jikoni tumeshika mbavu kwa kicheko.

Mzee hakupona kabisa, umri ni umri. Lakini mwaka uliofuata alianza kuja kanisani kwa saa ya watu wote, akishuka na watu wote, na mhubiri akisema amina, akiinuka na watu wote. Na unajua walisema nini Migori? Walisema Mzee Bichage amepoa, imani imemtoka, siku hizi haombi kama zamani. Nilimpelekea maneno hayo dukani nikiwa nawaka. Alicheka mpaka akashika meza, akaniambia niwaache hivyo hivyo.